Kamba Tisa

Volkano tumeikataa.
Mwaka jana zilikuwa nne, zote za magadi na siki,
zote zikatapika povu jekundu juu ya meza za maktaba,
na Mwalimu Shemhilu akapita, akafuta miwani, akasema:
"Kelele si swali. Nileteeni swali."

Swali tulilipata uani kwetu, Makorora,
Jumapili, kamba ya nguo ilipokatika
na mashati matatu ya shule yakalala topeni.
Mama akanitazama mimi.
Mimi nikaitazama kamba.
Mhina, aliyekuja kuazima kitabu cha jiografia
akakaa mpaka chakula kikaiva,
aliokota ncha mbili, akazinusa kama mnunuzi wa samaki:
"Chumvi hii. Upepo wa Raskazone."
"Mvua," nikasema, ili tu nisikubaliane naye.
"Uzee," akasema Mama,
"na mashuka mazito ya watu wasiofua wenyewe."

Majibu matatu, na hakuna anayejua.
Mwalimu aliposikia alicheka hadi chaki ikamdondoka:
"Haya. Sasa mna jambo."

Tumepanga hivi, nyuma ya daftari la hesabu:
kamba tisa za katani, kila moja mita moja.
Tatu zilowe maji ya bahari (Mhina atayateka Sahare),
tatu zilowe maji ya mvua,
tatu zikae kavu, zisiguswe, zisipewe kitu.

Hizo kavu ndizo zilizonisumbua.
"Za nini, kama hatuzifanyi chochote?"
Mwanamvua, mwenye mwandiko, hakuinua kichwa:
"Za kutuumbua."
Nilielewa usiku, umeme umekatika,
nimelala macho wazi:
asiyetendwa lolote
ndiye shahidi.

Wiki tatu. Kisha ndoo itundikwe,
maji yamiminwe kikombe baada ya kikombe,
mmoja ahesabu kwa sauti, mmoja aandike,
mmoja achunge miguu ya wenzake.
Ndoo ya nani? Hapo kikao kikavunjika.
Ya Mhina imetoboka. Mwanamvua anayo,
ila ni ya kisimani, na dada yake hana utani.
Yetu ni ya Mama,
na Mama bado ana yale mashati moyoni.

Nilimwendea anachambua mchele, daftari mkononi.
Alisoma polepole, kidole juu ya mstari.
Miaka sita alikuwa korona,
korona ya mkonge, kule Pongwe, si ile ya barakoa,
upande wa brashi, singa zikimpita viganjani
mpaka alama za vidole zikafutika.
"Kamba mnanunua wapi?"
"Ngamiani. Kwa watu watatu, yeyote mwenye bei nzuri."
Alichekea puani.
"Basi mtakuwa mmepima wauzaji.
Huyu kasokota akakaza, yule kasokota anasinzia,
wa tatu kachomeka singa fupi humo ndani, humuoni.
Nunueni kamba moja ndefu, mkate humohumo tisa.
Na ncha mzitupe. Ncha huongopa."

Mwalimu hakuliona hilo. Kitabu hakikuliona.
Nimefuta mstari wa pili, karatasi ikachanika kidogo,
nikaandika juu ya tundu:
kamba moja, vipande tisa.

Mwanamvua amechora jedwali kwa rula,
vyumba tisa, vitupu,
kama nyumba mpya ambayo hakuna aliyehamia.
Sijawahi kupenda ukurasa mtupu namna hii.
Mhina ametabiri pembeni, kwa penseli:
za chumvi zitatangulia kukatika.
Mimi nimeandika za mvua, na nimekazia kwa wino,
ingawa moyoni sina hakika tena,
na pengine hapo ndipo kazi inapoanza.

Mama hakutabiri kitu.
Aliuliza tu ndoo yake itarudi lini,
na kama kamba itakayobaki
itatosha kuanikia.